Mhindi wa runinga apewe jina
Katika vichekesho vyetu vya runinga, Mhindi huja na sura moja: mwenye duka, bahili, Kiswahili chake kimevunjika, anamfokea mfanyakazi. Sisi Wagusii wa Sironga tunajua uchungu wake, maana Mgusii naye huletwa jukwaani kwa hasira na uchawi, na huku kwetu kuna wazee waliochomwa moto kwa tuhuma hizo hizo. Sipingi kuchekana. Kipindi cha Vioja Mahakamani kilijengwa juu ya lafudhi, lakini wahusika wake Ondiek Nyuka Kwota na Masanduku arap Simiti walikuwa na majina, ujanja na hoja za kumhangaisha hakimu. Mhindi mara nyingi hana hata jina. Ni Mkenya huyu. Julai 2017 serikali iliitambua jamii yake kuwa kabila la 44 la Kenya, na Mhindi mwenzake Makhan Singh alizuiliwa na wakoloni zaidi ya miaka 10 kwa kudai uhuru wetu. Huko Marekani, Hank Azaria, Mzungu aliyekuwa sauti ya Mhindi Apu katika katuni ya The Simpsons, aliiacha kazi hiyo mwaka 2020 baada ya malalamiko ya miaka kadhaa. Watayarishaji wetu wawaite waandishi na waigizaji Wahindi mswada ukiwa bado unaandikwa, watuletee shangazi mbishi, mwanafunzi mtoro, fundi mwongo.