Presha ya Macho: Tone Moja Halitoshi

Tuseme mkulima wa Masinga ameambiwa mjini Machakos kwamba ana presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Anarejea kwake na kichupa cha timololi. Kichupa hicho ni cha mwezi mmoja hivi, ilhali maradhi yenyewe ni ya maisha.

Dawa hii si ya kubezwa. Ni ya ukoo wa dawa za moyo ulioasisiwa na James Black miaka ya 1960, kazi iliyomtunukia Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Huyapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho, na shinikizo linaloua mshipa wa fahamu wa kuona likashuka. Hata hivyo, nuru iliyokwisha kupotea hairudishi. Mgonjwa haumwi akiitia, wala haumwi akiiacha. Ni nani basi atakayeuza kuku kila mwezi anunue kitu ambacho hakimpi nafuu anayoihisi?

Isitoshe, tone hupita katika mfereji wa machozi hadi puani, likaingia damuni. Mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Mwenye moyo unaopiga polepole huweza kuzirai. Hao sharti wamwarifu daktari kabla ya kupewa dawa. Wengine nao wafunzwe kufumba jicho na kubonyeza pembe yake ya ndani kwa dakika mbili, somo dogo ambalo halihitaji fedha.

Jirani zetu wametangulia kulitafakari suala hili. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, wagonjwa 201 waligawanywa: wengine wakapewa timololi, wengine wakatibiwa kwa mwali wa leza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilifaulu katika asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31.

Mashine ya leza ni ghali, na tiba yenyewe huenda ikahitaji kurudiwa. Lakini gharama ya mashine huikabili hospitali. Ya matone humwandama mgonjwa mwezi baada ya mwezi. Kaunti, zilizokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, zina wajibu wa kuipiga hesabu hiyo hadharani, Machakos ikiwamo.

Wakati huo huo, watoto na ndugu wa mgonjwa wamo hatarini zaidi kuliko watu wengine. Mwalimu aliyetimiza miaka 40, ambaye mzazi wake anatia matone haya, asingoje hadi maandishi ubaoni yafifie ndipo akapimwe.