Mdahalo wa Kinshasa hautamtosha mpiga kura wa Bunia

Tangu Kongo ilipoanza tena kumchagua rais kwa kura ya wananchi mwaka 2006, wagombea wakuu hawajaketi pamoja mbele ya kamera wakajibu maswali yale yale. Nafasi iliyokaribia zaidi ilikuwa Oktoba mwaka ule. Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba walikuwa wamebaki wawili kwa duru ya pili ya tarehe 29. Mdahalo ulipangwa, kisha ukafa kwa sababu kambi zao hazikuelewana kuhusu namna ya kuuendesha. Wananchi wakaenda kupiga kura bila kuusikia. Mashariki, kunakozungumzwa Kiswahili, ilimmiminia Kabila kura. Magharibi ya Kilingala ikamwendea Bemba. Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 58.

Januari 2011 katiba ikarekebishwa na duru ya pili ikafutwa. Siku hizi anayeongoza, hata bila kufikia nusu ya kura, anachukua kiti. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa 2018 kwa asilimia 38. Kwa hesabu kama hizo, mgombea mwenye ngome yake ana sababu gani ya kukaa saa mbili akihojiwa mbele ya mpinzani? Mwaka 2023 orodha ilikuwa na majina 26, na kila mkubwa alihutubia umati wake.

Ndiyo maana wengi, hasa vijana wanaofuatilia siasa za majirani kwenye simu, wanadai mdahalo kama wa Kenya. Dai hilo ni la haki, ila Kenya yenyewe inafundisha kutotarajia makubwa. Februari 2013 wagombea wote wanane walisimama jukwaani Nairobi. Julai 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Julai 2022 ikawa zamu ya Raila kukataa, na William Ruto akabaki na waandishi wa habari. Aliyekwepa 2017 alibaki Ikulu, ingawa kwa kura iliyobidi kurudiwa. Aliyekwepa 2022 alishindwa. Kwa mifano hiyo, ni vigumu kusema kwamba kiti kitupu ndicho kilichoamua.

Tena kuna swali la nani angeutazama mdahalo huo Ituri. Televisheni Bunia inahitaji umeme, na umeme wenyewe ni wa shida. Ukitoka mjini kwenda Djugu, Irumu au Mambasa, chombo cha habari ni redio: Radio Okapi, Radio Candip na redio ndogo za wenyeji. Mdahalo wa Kinshasa ungefanyika kwa Kifaransa, lugha ambayo mama anayeuza samaki sokoni haitumii anapobishana kuhusu mambo yanayomgusa. Angesimuliwa kesho yake na mtu ambaye tayari ana upande wake.

Na mambo yanayomgusa hayana mjadala mdogo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na gavana wake ni jenerali. Je, utawala huo uendelee au uondolewe? CODECO na makundi mengine yapigwe, au wapiganaji wao waingizwe kwenye mpango wa kuweka silaha chini? Mashambulizi ya ADF upande wa Mambasa na Irumu yazuiwe vipi? Kwenye mkutano wa hadhara mgombea huahidi amani, watu hupiga makofi, msafara unaondoka. Hakuna anayemuuliza, mbele ya mwenzake, amani hiyo italetwa na nani na kwa fedha zipi.

Mfano unaoifaa Ituri unatoka Sierra Leone. Katika uchaguzi wa 2012, wagombea ubunge wa majimbo 14 walirekodiwa wakijadiliana, kisha video hizo zikaonyeshwa vijijini kwa sinema ya kutembezwa. Watafiti walilinganisha vijiji vilivyoona na visivyoona. Walioona waliwajua zaidi wagombea na misimamo yao, na waliofanya vizuri kwenye mdahalo waliongezewa kura. Jambo kubwa zaidi lilikuja baada ya uchaguzi: wabunge walioshiriki midahalo waliwatembelea wananchi zaidi na kutumia zaidi fedha za maendeleo kwa kazi zinazoonekana. Walikuwa wamesema mbele ya watu, na maneno yao yalikuwa kwenye kanda.

Hilo linawezekana Bunia kwa vipaza sauti, redio na Kiswahili, na lianze na wabunge, si rais. Kwenye mashine ya kupigia kura mwananchi anakutana na picha na namba za watu wengi ambao hajawahi kuwasikia wakisema chochote. Wingi wao ni tatizo la kweli, kwani huwezi kuwaketisha hamsini meza moja. Waletwe watano watano, maswali yawe yale yale, muda uwe sawa, na kanda zirudiwe hewani. Atakayekataa atajwe jina kila jioni.

Wapo watakaosema Ituri, kwa majeraha yake ya kikabila, haifai kuchezewa kwa mabishano ya wanasiasa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini maneno ya hatari huota zaidi pale mgombea anapozungumza na watu wa kwao tu, kwa lugha yao, bila mpinzani wa kumkanusha. Anayejua kwamba Mhema na Mlendu, Mbira na Mualur watamsikia kwa pamoja huchagua maneno yake. Mwongozaji naye lazima awe na mamlaka ya kuzima kipaza sauti.

Mkulima wa Djugu anayeishi kambini Kigonze, pembeni mwa mji, ana swali moja: lini atarudi shambani kwake, na nani atamlinda akifika. Bado hajawasikia wagombea wawili wakilijibu wakiwa wameketi pamoja.