Staa, Hiyo Gari Isiyo na Dereva Ilete Kwanza Korogwe

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, kajirekodi ndani ya teksi isiyo na dereva huko ughaibuni. Usukani unazunguka wenyewe, yeye kakaa nyuma anakunywa juisi. Mpaka hapo poa, hela yake, raha yake. Kilichotukera ni maneno aliyoandika chini ya video: eti Bongo tutaendelea siku tutakapowatoa barabarani madereva na makonda "wasiosoma". Na watu wakashangilia, wakiwemo waliopanda daladala asubuhi hiyohiyo wananing'inia mlangoni!

Sisi wa Korogwe na Handeni tuna neno.

Nampa haki yake kwanza. Madereva wetu wanaua. Februari 2023 pale Magira Gereza, Korogwe, Fuso iligongana usiku na Coaster iliyobeba msiba, watu wasiopungua 17 wakafariki. Watu walikuwa wanakwenda kuzika, wakazikwa wao. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine haisinzii, hainywi, haichati na mchepuko ikiwa spidi 100, sina cha kumbishia.

Ila jiulize kwa nini dereva anasinzia. Kijana wa Coaster hana mshahara wa maana, ana hesabu. Tajiri anataka hesabu yake jioni, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Kinachobaki baada ya mafuta na zile za "kung'arisha viatu" njiani ndiyo riziki yake na konda wake. Ndiyo maana anakimbizana, anajaza watu kama dagaa, anaongeza tripu macho mekundu. Nenda kwa vijana wa bajaji pale Manundu au bodaboda wa Chanika, wengi chombo si chao na wimbo ni uleule. Sasa mtoe dereva, hesabu uiache palepale, umetibu nini? Tajiri ndiyo atakuwa mbali zaidi, ukigongwa hujui hata ukamlilie wapi.

Halafu hilo la "hawajasoma". Aprili 2015 madereva waligoma, mabasi yakalala nchi nzima. Waligomea agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, lakini pia walidai mikataba ya ajira. Hiyo ya pili watu mmeisahau haraka sana. Leo LATRA wana mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi na kitufe cha kumtambua aliyeshika usukani. Safi. Tunajua gari linakwenda spidi ngapi na nani analiendesha. Amelala saa ngapi jana, hicho kifaa hakisemi.

Na hizo gari za ajabu nazo tusizifanye malaika. Oktoba 2023 San Francisco, gari la kampuni ya Cruise lilimburuta mtembea kwa miguu aliyekuwa ameshagongwa na gari jingine. Kampuni ikazuiwa kubeba abiria bila dereva California, na mwishoni mwa 2024 General Motors wakaacha kabisa kuifadhili biashara hiyo. Desemba 2025 umeme ulikatika mji huohuo, taa za barabarani zikazimika, magari ya Waymo yakaduwaa kwenye njia panda na foleni ikawa balaa. Umeme kukatika tu! Mtu wa Handeni akisikia hiyo anacheka kwanza ndiyo anauliza maswali. Tena nyuma ya hizo gari kuna binadamu wamekaa ofisini wanazisaidia zikikwama. Dereva hajaondoka kihivyo, kahamishwa kiti.

Huku kwetu dereva ndiye anayebeba mzigo wa mama yako bila risiti, anakukopesha nauli mpaka mwisho wa mwezi, na bodaboda ndiye anayeamshwa saa nane usiku mjamzito apelekwe Magunga. Masika barabara za vijijini zikigeuka tope, konda anashuka kusukuma. Hiyo programu itashuka isukume?

Usafiri wa kesho naupenda kuliko hata huyo staa. Treni ilifika Korogwe mwaka 1902, enzi za Mjerumani, na Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ikarudi baada ya kupotea zaidi ya miaka 20. Hiyo iongezewe safari. Mwendokasi ya Dar, iliyoanza Mei 2016, watu wanasota vituoni kwa sababu mabasi hayatoshi. Madereva wapo.

Kwa hiyo staa wetu, ukirudi shukia stendi ya Korogwe, panda Coaster ya Handeni, kaa siti ya mbele, muulize dereva jana kalala saa ngapi na mkataba wake uko wapi. Rekodi majibu. Hiyo video tutakusambazia wenyewe, bure.