Wizi wa vitabu tunaufundisha wenyewe

Nenda stesheneri yoyote iliyo jirani na shule ya sekondari, uliza tamthiliya ya Ngoswe. Utapewa kivuli. Maneno ya ukingoni yamemezwa na mashine, karatasi zimebanwa pini, na ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la Edwin Semzaba na la mchapishaji haumo. Wa nini? Hauulizwi kwenye mtihani, na kila karatasi ina bei yake. Na mara nyingi aliyemtuma mwanafunzi pale dukani ni mwalimu wake!

Ni mwalimu huyuhuyu anayempa sifuri mtoto aliyechungulia jibu la jirani. Kumwibia mwenzako jibu ni aibu, kumwibia mwandishi kitabu kizima ni maandalizi ya mtihani. Mtoto anatuona, anatuelewa. Ndiyo maana akipewa kazi ya kufanyia nyumbani anabandika aya nzima pamoja na picha, kisha chini anaandika "Chanzo: Google". Google haikuandika aya ile. Yuko mtu aliyekesha nayo, na jina lake limefutwa mbele ya macho yetu, tukaweka alama ya vema.

Najua nitajibiwa kwamba vitabu ni ghali na wazazi hawana. Hawana kweli, wala simlaumu mzazi. Lakini nani aliamua kwamba ufukara wa mzazi ulipwe na mwandishi, ambaye naye ana watoto na anasubiri mrabaha usiofika? Kununua vitabu vya kutosha na kuviweka kabatini, vidato vipokezane mwaka hadi mwaka, ni wajibu wa shule na serikali. Wameukwepa, wakamwachia mwenye mashine ya kudurufu.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hata haki zao wanafunzi hatuwaambii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikutungwa ili kuwafunga. Inawaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachofaa bila kumwomba mtu ruhusa, mradi wataje chanzo na mwandishi. Inamruhusu mwalimu kutumia sehemu ya kazi kuwa mfano wa kufundishia. Kitabu kizima kudurufiwa na kuuzwa hakumo! Mpaka huo unafundishika kwa kipindi kimoja, na hesabu yake mtoto wa Kidato cha Kwanza anaiweza: ulinzi ni uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo ulinzi wa maandishi yake kwa sheria hiyo uliisha mwishoni mwa 2012. Semzaba alifariki 2016. Warithi wake wana haki hadi 2066, na haki hiyo ndiyo inayouzwa pale stesheneri kwa bei ya karatasi.

Karatasi ya mtihani wa Kiswahili wa Kidato cha Nne huorodhesha vitabu teule na majina ya waliovitunga. Baraza la Mitihani linawataja, darasa linawafuta.

Wakuu wa shule, pigeni marufuku vivuli vya vitabu vizima, na mdai bajeti ya maktaba kwa sauti ileile mnayodaia madawati. Kazi ya mwanafunzi isiyotaja mwandishi irudishwe bila alama. Na noti za mwalimu alizonakili kitabuni bila kutaja jina, mkaguzi azirudishe vilevile.