Mtoto wa Soweto West atamuuliza nani?

KILA matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za watoto waliobebwa juu kwa juu na jamaa zao wakiimba. Ni furaha ya haki, na hakuna sababu ya kuionea kijicho. Lakini watoto hao, mpenzi msomaji, ni wachache, na aghalabu tayari wana mjomba daktari au shangazi mhadhiri wa kuwaambia hatua inayofuata. Leo nataka tuzungumze juu ya wale wasiopigwa picha.

Hebu tutazame hesabu. Mtihani wa KCSE wa 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi, alama inayomruhusu mtu kuomba digrii katika chuo kikuu, walikuwa 246,391. Ukitoa, utaona kwamba zaidi ya vijana 716,000 walibaki chini ya mstari huo. Katika nyumba nyingi za Nairobi vijana hawa huambiwa neno moja tu: "umeanguka." Sijui neno lililowaharibia vijana wetu maisha kuliko hilo, na uovu wake ni kwamba si kweli.

Tumchukue msichana mmoja wa Soweto West, upande wa magharibi wa Kibera. Jina hatumpi, kwa kuwa wa namna yake ni wengi. Babake hushona viatu kando ya barabara, mamake huwafulia watu nguo huko Kilimani. Msichana amepata C. Nyumbani hakuna aliyewahi kufika kidato cha nne, kwa hivyo hakuna anayejua kama hiyo C ni habari njema au ni msiba. Jirani anasema laiti ingekuwa na alama ya kujumlisha mbele yake. Wiki mbili zinapita kwa machozi. Wiki ya tatu msichana ameketi katika kibanda cha M-Pesa cha mtu, na masomo yameishia hapo.

Kumbe kwa C hiyo, iwapo alipata C katika Biolojia na C katika Kiingereza au Kiswahili, na alama za kutosha katika sayansi nyingine, angeweza kuomba stashahada ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC. Makao makuu ya chuo hicho yako kando ya Hospitali ya Kenyatta. Wapo watu wa Kibera wanaopita karibu nayo kila asubuhi kwa miguu wakienda kutafuta riziki.

Wala si KMTC peke yake. Vyuo vya kiufundi humchukua aliyepata C- kwa stashahada, aliyepata D kwa cheti, na hata mwenye E ana kozi za ufundi za ngazi ya chini anazoweza kuanzia na kupanda. Kwa wakazi wa Kawangware, Chuo cha Kiufundi cha PC Kinyanjui hakiko mbali. Mambo haya si siri. KUCCPS, ile bodi inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, huyatangaza kila mwaka. Taabu ni kwamba hutangazwa kwa lugha ya mtu ambaye tayari anajua anachokitafuta.

(Mniruhusu niseme na langu. Mimi nimesomea kazi hii kwa stashahada, na bado nakutana na watu wanaoniuliza ni lini nitakwenda "kusoma hasa".)

Serikali ililijua jambo hili zamani. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilizungumzia haja ya ushauri na uelekezi katika shule, na ile ya Kamunge ya 1988 ikarudia. Lakini ingia leo katika shule ya kawaida ya mitaa ya mabanda uulize mwalimu wa ushauri ni nani. Huenda ukaonyeshwa yule yule anayefundisha hisabati madarasa matatu, anayetunza rejista, na anayewaandikia wazazi barua za karo. Atapata wapi saa ya kukaa na mtoto mmoja mmoja?

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba uamuzi wenyewe sasa umeteremka chini. Kwa miaka mingi ya 8-4-4, mwanafunzi alichagua masomo mwishoni mwa kidato cha pili. Hata wakati huo wengi walipotea. Aliyeacha Fizikia kwa sababu shule yake haikuwa na maabara alijikuta baadaye hawezi kuomba uhandisi hata akiwa na A za kutosha kwingineko. Mwingine aliambiwa na wenzake kwamba bila Fizikia udaktari pia umekwisha, akakata tamaa, ilhali katika masomo ya udaktari Hisabati inaweza kushika mahali pa Fizikia. Neno moja kutoka kwa mtu anayejua lingemwokoa.

Chini ya mtaala mpya, uamuzi hufanywa katika Gredi ya 9. Kundi la kwanza lililofanya mtihani wa KJSEA mwaka wa 2025 lilitakiwa kuchagua shule 12 na mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao wengi huuita STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi za Michezo. Hata Hisabati yenyewe imegawanywa mara mbili, moja nzito kwa walio STEM na nyingine nyepesi kwa wengine. Mtoto wa miaka 14 au 15 akichukua ile nyepesi kwa kuogopa jedwali, huenda anaufunga mlango ambao hajauona bado.

Na mzazi afanyeje? Aliyesoma 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, hajawahi kusikia habari za mikondo. Babu aliyesoma wa kabla yake ndiye asiulizwe kabisa. Ndiyo maana husema: "Chagua unachopenda, mwanangu." Ni maneno ya upendo, lakini si ushauri.

Matokeo yake, mshauri mkuu wa masomo katika mitaa yetu amekuwa kijana wa saiba. Simlaumu. Ana foleni ya watu kumi, mashine mbili na umeme usioaminika. Mwanafunzi humletea nambari ya mtihani na kumwambia, "Niwekee kozi nzuri." Naye humwekea. Anuani anayoitumia pengine ni yake mwenyewe, na siku ya kubadilisha kozi ikifika, nywila haijulikani iko wapi. Tena tangu 2023 kuomba nafasi na kuomba ufadhili ni safari mbili tofauti. Anayedhani akipata nafasi amepata na pesa atashtuka akitumiwa barua ya karo.

Nimesema haya yote ili nifike hapa: simu iliyo mfukoni mwa kila mzazi inaweza kufanya kazi ambayo mwalimu mmoja hawezi. Si jambo geni. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, katika mradi wa Map Kibera, walizunguka vijijini wakachora ramani ya mtaa wao na kuiweka kwenye intaneti, wakati ramani nyingi zilikuwa zikionyesha Kibera kama kiwanja kitupu. Baadaye wakaziorodhesha na shule, mamia yake, nyingi zikiwa za watu binafsi, za makanisa na za vikundi. Na kampuni ya Eneza, iliyoanzishwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilimwezesha mwanafunzi mwenye simu ya kabambe kutuma swali la somo kwa ujumbe mfupi akajibiwa na mwalimu.

Lakini ramani humwambia mzazi shule iko wapi tu. Na mwalimu wa mbali anaweza kueleza usanisinuru vizuri sana asijue kwamba wewe una karo ya muhula mmoja peke yake. Swali la mkondo, la kozi na la kazi linahitaji mtu anayeijua kazi yenyewe na anayejua pia maisha ya Soweto West. Watu hao wapo. Muuguzi wa Hospitali ya Mbagathi amepanga chumba Ayany. Karani wa Mahakama ya Kibera hupanda matatu moja nasi. Kuna fundi wa umeme mwenye leseni huko Kianda, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayerudi nyumbani Gatwekera kila Jumamosi, na mwalimu aliyestaafu Gatina, Kawangware. Kila mmoja wao hushauri watoto wa dadake na kaka yake. Kinachokosekana ni kuwakusanya mahali pamoja, hata kama ni katika kikundi kimoja cha WhatsApp, wakakubaliana kujibu na watoto wa wengine.

Ningekianzisha mimi, nisingetaka watu mia. Kumi na wawili wanatosha, na angalau mmoja awe amezoea mambo ya KUCCPS na mikopo ya HELB kiasi cha kuyaota usiku. Mafundi wasiachwe nje. Vikundi vya namna hii huharibika vinapojaa mawakili na wahandisi watupu, kwa sababu mhandisi humwona kila mtoto ni mhandisi. Anayekuja kuhesabu magari yake mbele ya watoto naye simtaki. Namtaka yule atakayesema kozi yake ilimgharimu kiasi gani, alikaa miaka mingapi bila kazi baada ya kuhitimu, na mshahara wa kwanza ulilipa kodi ya nyumba au haukulipa.

Pia ajifunze kuandika "sijui, nitauliza." Na akiuliza, arudi siku hiyo hiyo. Dirisha la kuomba nafasi likifunguliwa huwa ni la siku za kuhesabika, na jibu zuri linalofika baada ya dirisha kufungwa linafaa kufungia njugu.

Wengi wa watoto hawana simu zao, na hilo si baya. Nyumba ya chumba kimoja ina simu moja, nayo huenda kazini na baba. Kwa hivyo maswali na yapitie kwa mwalimu wa darasa: ayakusanye kwa karatasi Jumatano, ayatume, na Ijumaa awasomee darasani majibu. Utashangaa kuona kwamba swali la mmoja ni la ishirini. Majibu yaandikwe, yasiwe ya sauti, maana sauti hula bando na haziwezi kubandikwa ukutani. Aliye na nafasi ya kufika katika maktaba ya umma ya Kibera anaweza kuyasomea huko yale marefu.

Hapa sasa nitasema kwa ukali kidogo. Kikundi chochote kinachowakutanisha watu wazima wasiofahamika na watoto wa wenyewe ni mahali pa hatari mpaka pawekwe sheria. Mshauri asimwandikie mtoto faraghani, hata kwa nia njema. Asimwalike ofisini peke yake. Msichana aliyekata tamaa akitafuta njia ya kwenda chuoni ndiye anayewindwa na wanaume wa ahadi, na sote tunawajua. Mzazi au mwalimu awemo katika kila mazungumzo. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na karatasi za matokeo visitumwe mle ovyo. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022, lakini sheria hufika baada ya jambo kutendeka.

Kuna na wezi wa namna nyingine. Katika msimu wa matokeo huchipuka vyuo vya ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, vinavyotaka "ada ya usajili" leo kabla ya saa kumi. Washauri wetu wawe na desturi moja: kabla shilingi haijatoka, chuo kitafutwe katika orodha ya TVETA kikiwa cha kiufundi, ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kikiwa chuo kikuu, na ya Baraza la Wauguzi kikisema kinafundisha uuguzi. Kama jina halimo, mjadala umekwisha, hata kama mkuu wake ni shemeji ya mtu.

Mtaniuliza pesa za kuanzisha haya zitatoka wapi. Sioni pesa nyingi zinazohitajika, na naomba wafadhili wasikimbilie kutuletea fulana na mabango. Mahali pa kuanzia ni mkutano wa wazazi wa muhula ujao. Kabla mwalimu mkuu hajafikia habari za karo, daftari moja lipitishwe kutoka mkono hadi mkono. Mwenye kuchomelea vyuma aandike jina lake na kazi yake. Muuguzi aandike. Dereva wa matatu aandike, kwa maana udereva nao una leseni na mtihani. Na yule mama anayeuza mboga, ambaye kaka yake ni karani mahakamani, aandike nambari ya simu ya kaka yake.