Kiapo cha Paris na Kiapo cha Kaya Fungo

Wako wasemao kuwa tamthilia ikitiwa katika muziki hupoteza nguvu zake. Hoja hiyo si ya kweli. Mnamo Novemba 1839, mjini Paris, Mfaransa Hector Berlioz alitoa simfonia, yaani muziki mrefu wa ala nyingi, pamoja na kwaya. Aliitunga kutokana na tanzia ya Shakespeare, Romeo na Juliet. Humo wapenzi wale wawili hawaimbi hata neno moja. Ala ndizo zinazowasemea. Kwaya ni koo mbili zenye uhasama, na mwishoni, mbele ya maiti za watoto wao, zinaapa kupatana.

Sisi wa Malindi na Kilifi tunayo tanzia yetu, nayo ina kiapo chake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa kifudu, ngoma ya maombolezo. Wakala kiapo Kaya Fungo, wanaume cha fisi na wanawake cha mukushekushe, kwamba hawatawatumikia Waingereza. Yeye na Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakahamishiwa magharibi ya Kenya. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao. Agosti mwaka huo serikali ikailipua kaya kwa baruti; vita vikazuka, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa.

Tazama tofauti, msomaji. Kwa Berlioz kiapo ndicho kinachofunga msiba. Kwetu ndicho kilichoufungua. Na aliyeapa hakuwa mtu mmoja, bali umma. Sanamu ya Mekatilili iliyoko Malindi inatuonyesha shujaa peke yake. Wale maelfu walioapa naye hawawezi kuchongwa, inafaa waimbwe.

Basi watunzi na walimu wetu wa kwaya watutungie kazi nzima, kwa Kigiriama na kwa ngoma zetu, si kuiga vinanda vya Paris. Lakini kwanza wabishe hodi kwa wazee wa kaya na kwa akina mama wenye kifudu chao, wapewe ruhusa, na wenyewe walipwe haki yao. Ngoma ya msiba si ya kuwachekesha watalii baada ya chakula cha jioni.

Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha mila za kaya miongoni mwa zile zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Usiache mbachao kwa msala upitao.