Docta naye anachoka: sheria ya saa za kazi ingetusaidia nini huku Kasongo na Kabambare?

Tuseme ni saa nane ya usiku. Mama mwenye uchungu ameletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Nyangwe. Mtoto amekataa kutoka, lazima mama apasuliwe. Docta yupo, ila yuko kazini tangu jana asubuhi. Amepasua watu wawili mchana, akazunguka vyumba vya wagonjwa, akarudi kwenye dharura. Na yeye ndiye peke yake. Utamwambia aende kulala?

Nchi nyingine zimekwisha kujibu kwa sheria. Marekani, mwezi wa tatu 1984, msichana wa miaka 18, Libby Zion, alikufa katika hospitali moja ya New York. Usiku ule alikuwa mikononi mwa madocta wachanga, wale ambao wangali wanajifunza kazi, wenye zamu ndefu na wagonjwa wengi. Baba yake, mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mpaka: saa 80 kwa juma, na saa 24 mfululizo zisipite. Tangu 2003 nchi nzima inafuata saa 80, pamoja na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Ulaya wameshuka zaidi: saa 48 kwa juma.

Hii si huruma kwa docta tu. Utafiti uliotoka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mtu aliyekunywa pombe kufikia kile kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza kuendesha gari. Mwaka 2004, watafiti wa Boston waliona kwamba madocta wachanga wenye zamu za saa 24 na zaidi walifanya makosa makubwa 36% zaidi kuliko walipofupishiwa zamu. Dereva mlevi tunamkataa. Docta ambaye hajalala tunamshukuru kwa kujitolea, halafu tunamlaumu mgonjwa akifa.

Lakini hapo ndipo mambo yanaanza kuwa magumu. Tafiti kubwa zilizofuata huko Marekani hazikuona kwamba kukata saa peke yake kunapunguza vifo. Sababu moja inayotajwa ni hii: zamu zikiwa fupi, mgonjwa anapita katika mikono mingi, na habari zake zinapotea njiani. Kwa hiyo hata kwa matajiri, sheria inafanya kazi pale tu ambapo kuna mtu wa kupokea zamu, na anayeondoka anamwachia maelezo kamili.

Na kwetu je? Sheria iko. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Ila kodi ile ile, toka kifungu cha kwanza, inawaacha nje wafanyakazi wa kudumu wa serikali, ambao wana sheria yao. Docta aliyeajiriwa kwa mkataba katika hospitali ya binafsi anaweza kuishika mkononi. Docta wa serikali mwenye matrikile hawezi. Na kijana wa staji, ambaye si mwajiriwa wa mtu, hana pa kushika kabisa. Yeye ndiye mara nyingi anaachiwa usiku.

Tuangalie jirani. Kenya, madocta waligoma siku 100, toka tarehe 5 Desemba 2016 mpaka 14 Machi 2017. Mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, na kiini cha ugomvi kilikuwa hao madocta wa mafunzo: mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Wakati ule kulikuwa na vijana waliomaliza masomo wakikaa nyumbani kungoja kupangiwa hospitali, huku wenzao walio kazini wakilemewa. Kumbe uchovu wa docta mara nyingi si ukosefu wa madocta nchini. Ni ukosefu wa kuwaajiri, kuwatuma na kuwalipa.

Ugonjwa huo tunao. Kijana anayemaliza Lubumbashi, Kisangani au Kindu atakujaje Kabambare, barabara ni matope, na mshahara haujulikani utatoka lini? Akija, anabaki peke yake. Sheria ya kumlazimisha kulala, bila mtu wa pili, ni sawa na kumfungia mlango yule mama wa saa nane.

Ndiyo maana tunaona madai yaanze na mtu wa pili, kisha yafuate saa. Mtu huyo si lazima awe docta. Tanzania, ng'ambo ya ziwa, kwa miaka mingi iliwafundisha madaktari wasaidizi kupasua akina mama. Na sisi wa Kasongo tusisahau: miaka ya 1970 mji huu ulijulikana mbali kwa mradi wa afya uliofanywa na Taasisi ya Antwerpen ya Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa rahisi. Muuguzi wa kituo atibu magonjwa ya kawaida, hospitali ibaki na yale mazito. Kituo kikiwa na dawa na muuguzi anayelipwa, docta anapata usingizi.

Kuna jambo ambalo halingoji Kinshasa. Kamati za afya, CODESA, zinaweza kuuliza wakubwa wa zoni ya afya maswali matatu: orodha ya zamu imebandikwa wapi? Aliyelala kazini anapumzika siku gani? Akipumzika, nani anashika nafasi yake? Siku moja kwa juma, iandikwe na iheshimiwe, na kwa wauguzi pia, maana wao hata mgomo wao hausikiki.

Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna mtu", basi lipelekwe Kindu kwa maandishi, kwa wakubwa wa jimbo na kwa wabunge wetu. Yule mama wa Nyangwe hahitaji docta shujaa. Anahitaji docta aliyelala.